Mwaka Nilipokuwa Ulimi wa Bi Zuwena

Habari ya kifo cha Muna ililetwa na Okello. Okello alikuwa dereva wa nyumba ile tangu kabla sijafika, Mganda wa Tororo, na mpaka leo yuko Doha, siku hizi anaendesha basi la shule. Alinitumia ujumbe wa sauti: "Dada Mwajabu, ile madam yetu ya zamani imekufa jana. Wamezika alasiri. Nimesema wewe ujue." Nilikuwa dukani kwangu Muheza, nampimia mteja kitambaa cha shela, nikamaliza kumpimia, nikakata, nikakunja, kisha nikafunga duka kabla ya adhuhuri. Mume wangu aliponiuliza nani amekufa nilimwambia ni mtu niliyewahi kumfanyia kazi. Ilikuwa kweli, ila kipande tu cha kweli, na hakuna mtu anayejua kuliko mimi kipande cha kweli kinavyoweza kumpeleka mtu mbali. Nilijifunza hilo nikiwa na miaka ishirini na sita, katika nyumba ya Muna, kwa mwaka mmoja ambao sijawahi kuusimulia wote.

Nilichukuliwa kwa ajili ya mama yake. Wakala wa Dar es Salaam aliambiwa na watu wa Doha kwamba anatakiwa mwanamke mwenye subira anayesema Kiswahili, na yeye mwenyewe alishangaa, kwa sababu huko Kiswahili hakikuwa sifa ya kazi. Wafanyakazi waliulizwa Kiingereza, au Kiarabu cha jikoni. Nilipofika ndipo nikaelewa. Bi Zuwena alizaliwa Unguja mjini, akaolewa akiwa msichana na mfanyabiashara wa Kiarabu aliyempeleka Doha, na huko akazaa watoto wawili, Jasim na Muna. Mumewe hakupenda lugha ya ng'ambo isemwe nyumbani kwake. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka arobaini Bi Zuwena alikisema Kiswahili kwenye simu tu, na dada yake aliyekuwa Maskati, mlango ukiwa umefungwa. Muna aliniambia kwamba utotoni Kiswahili kwake kilikuwa sauti ya mama akicheka nyuma ya mlango. Kisha mume akafa, dada akafa, na baada ya hapo Bi Zuwena akapigwa na kiharusi. Alipozinduka, Kiarabu chote kilikuwa kimemtoka. Aliwatazama wanawe wakisema naye kama mtu anavyotazama wageni wenye adabu, akawajibu kwa lugha ambayo hawakuijua hata neno.

Siku niliyoingia chumbani kwake nilipiga magoti nikamwambia shikamoo. Alikuwa ameketi kitini karibu na dirisha linalotazama mkunazi wa uani, mwembamba, hina imefifia vidoleni, mguu wa kushoto hauna nguvu. "Marahaba," alisema. "Kiswahili chako cha bara, lakini kitanifaa." Muna alikuwa amesimama mlangoni na nguo zake za kazi ya ualimu mkuu msaidizi, abaya mkononi, akaniuliza mama amesema nini. Nilipomwambia, aligeuka akaenda jikoni, na nilipokwenda huko kuchukua maji nilimkuta anafuta uso kwa taulo la vyombo.

Kuanzia siku ile neno nililolisikia mara nyingi kuliko jina langu lilikuwa "anasema nini?" Muna aliliuliza asubuhi kabla ya kwenda shuleni, akaliuliza mchana viatu vikiwa bado mguuni. Jasim, kaka yake, ambaye alikuwa na nyumba yake na mke wake na alikuja kila Ijumaa baada ya sala, aliliuliza akiwa amesimama, funguo za gari mkononi. Walipoleta harisi, ngano iliyopondwa na nyama, kwenye sahani, Bi Zuwena aliiita bokoboko, akasema mpishi amesahau chumvi, nami nikatafsiri kwa Kiarabu changu cha kuokoteza nikichanganya na Kiingereza. Nilipewa chumba changu mwenyewe kando ya chumba chake. Katika kazi yangu ya kwanza huko Doha, safari iliyotangulia hii, kwenye nyumba nyingine, nililala stoo pamoja na magunia ya mchele na pasi. Hapa nilikuwa na kitanda, kabati, na dirisha. Jioni nilikaa kitandani nikitazama mlango wangu umefungwa, nikijua kwamba mimi ndiye niliyeufunga.

Uongo wangu ulianza kwa kuchekesha. Ijumaa moja Jasim aliinama kumbusu mama yake kichwani, na Bi Zuwena akakunja pua akasema, "Huyu nani? Mbona ananukia kama maiti aliyefukizwa?" Jasim akaniuliza anasema nini. Nikamwambia anakuuliza umeshindaje. Jasim alifurahi, akamjibu mama yake kwamba ameshinda salama, na Bi Zuwena akanitazama mimi kwa jicho la mtu aliyeona kitu. Tulicheka sana baadaye, mimi naye. Nikaona si vibaya kulainisha neno hapa, kuongeza asante pale. Watu wazima wenye uchungu walikuwa wanaondoka chumbani na nyuso nyepesi, na mimi ndiye niliyezifanya nyepesi.

Miezi minane ilipopita mgongo wa Muna ulianza kukataa. Bi Zuwena alikuwa mwembamba lakini mzito wa kunyanyua, kama walivyo watu ambao nusu ya mwili haisaidii, na mimi peke yangu sikuweza kumtoa bafuni. Daktari alimwambia Muna aache kunyanyua. Alikuwa hana mume wala mtoto, na shule ilimhitaji. Ndipo akaanza kusema juu ya nyumba za kutunzia wazee. Nilikuwa napeleka chai ya maziwa sebuleni siku alipomwambia kaka yake. Jasim hakupandisha sauti. Alisema mama wa watu kama wao halelewi na watu baki, na kwamba atakapoulizwa msikitini mama yuko wapi hatakuwa na jibu. Muna akamwuliza ni lini mara ya mwisho yeye alimpeleka mama chooni. Kikombe kiligonga kisahani. Mwishoni Muna akasema jambo ambalo ndilo lililotuponza sote: "Tutamwonyesha mahali, na yeye mwenyewe ataamua. Akisema hapana, sitalizungumza tena." Jasim akakubali. Wote wawili wakageuka kunitazama mimi na sinia yangu, kwa sababu mama yao hakuwa na mdomo mwingine.

Tulikwenda kwanza kwenye bawa moja la hospitali lililotengewa wazee. Okello alituendesha, akambeba Bi Zuwena kutoka garini hadi kwenye kiti cha magurudumu kama mtu anavyobeba yai. Palikuwa safi mno. Sakafu iling'aa, vitanda vimepangwa kwa mstari, televisheni inasema peke yake, na wazee wamelazwa wakiitazama bila kuitazama. Muuguzi alituonyesha mashine na kengele za kuitia msaada. Bi Zuwena aliangalia upande huu na upande ule, akaniuliza polepole, "Hawa wote wanangoja nini?" Nililitafsiri hilo kama lilivyo. Garini Muna alikaa mbele na Okello, akageuza uso dirishani mpaka tulipofika nyumbani.

Baada ya majuma matatu akapata mahali pengine. Ilikuwa Al Thumama, katika nyumba ya ghorofa moja iliyozungukwa na nyumba za familia, na ndege zinapita chini hadi unaona magurudumu. Iliendeshwa na muuguzi wa Kisudani, mwanamke mfupi mwenye alama mashavuni, aitwaye Sista Nafisa. Wazee walikuwa wanane tu, wote wanawake. Tulipofungua mlango harufu iliyotupokea haikuwa ya dawa. Ilikuwa ya vitunguu vinavyokaangwa. Sista Nafisa alimchukua Muna ofisini kwake kumweleza taratibu, mimi nikamsukuma Bi Zuwena barazani, ambako mwanamke mzee mwenye miwani minene alikuwa ameketi na ungo mapajani, anachagua dengu na kusema peke yake. Nilimsikia kabla sijaelewa ninachokisikia. Alisema, "Dengu za siku hizi mawe matupu."

Bi Zuwena alishika gurudumu kwa mkono wake mzima, kiti kikasimama. "Si dengu," akasema. "Ni macho yako."

Yule bibi aliinua uso. Alikuwa Bi Shinuna, mzaliwa wa Chake Chake, mjane, mwanawe anafanya kazi Ulaya. Alikuwa na Kiarabu chake chote, lakini hakuwa amepata mtu wa kusema naye Kiswahili tangu aingie mle. Sikumbuki walianzaje. Nakumbuka waliulizana ukoo, wakatafutana kwa majina ya mitaa na ya walimu wa chuo cha Kurani, wakamkuta fundi mmoja wa makanzu ambaye wote wawili walimfahamu na wote wawili walimchukia. Bi Zuwena, ambaye kwangu alikuwa anasema sentensi tatu kwa saa, alisema bila kupumzika. Alieleza namna mama yake alivyokuwa akipika mkate wa kumimina, na Bi Shinuna akampinga kwamba watu wa Unguja wanazidisha sukari. Walivutana, wakacheka, na Bi Zuwena akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio wake. Mimi nilisimama nyuma ya kiti nikishikilia mipini. Hakuna aliyenihitaji. Baada ya muda msaidizi mmoja alikuja kumchukua Bi Shinuna kwa ajili ya sindano yake, naye akaondoka akisema, "Ntakuja sasa hivi, usiondoke."

Muna akatoka ofisini. Aliinama mbele ya mama yake, akamshika magoti, akamwuliza kwa Kiarabu kama anapapenda. Bi Zuwena hakuelewa maneno ila alielewa uso. Akanigeukia mimi, akasema kwa sauti iliyotulia, "Mwambie huyu mwanangu aniache hapa."

Nimelirudia tendo lile mara nyingi, na kila ninapolirudia najaribu kusema kwamba niliogopa. Ni kweli niliogopa. Mkataba wangu ulikuwa na mwaka mzima na zaidi mbele yake, na kama Bi Zuwena angebaki Al Thumama, mimi ningerudishwa kwa wakala wa huko Doha, naye angenipeleka alikotaka, pengine kwenye stoo nyingine. Hilo ningeweza kumwambia mtu yeyote na akanielewa. Lakini kulikuwa na jambo jingine, nalo ndilo linaloniumiza zaidi. Nilimwonea wivu Bi Shinuna. Kwa miezi minane mimi ndiye niliyekuwa dunia nzima ya yule bibi, na katika nusu saa nikaona kwamba nilikuwa kibarua tu, kitu cha kutumia mpaka apatikane mtu. Nikamwambia Muna: "Anasema amechoka. Anataka kurudi nyumbani."

Muna alinitazama. Aliniuliza kama nina hakika, kwa sababu mama alionekana amefurahi. Nikasema amefurahi kutembea, lakini anataka nyumbani. Akaniuliza tena. Nikasema ndiyo, madam. Okello alipomnyanyua Bi Zuwena kumwingiza garini, bibi alishika fremu ya mlango kwa mkono mmoja, na Okello akaubandua taratibu, kidole kimoja kimoja, akisema pole mama, pole mama.

Jasim alipoambiwa alimshukuru Mungu. Muna alitimiza ahadi yake, hakulizungumza tena. Na Bi Zuwena kila siku aliniuliza, "Yule mwenzangu yuko wapi?" Nikamwambia kesho, bibi. Muna aliponiuliza anasema nini, nilisema anauliza chakula. Baada ya kama majuma sita bibi aliacha kuuliza. Aliacha pia kunisahihisha Kiswahili changu, jambo ambalo alikuwa akilifanya kila siku na ambalo sikujua kwamba nalipenda. Alikula vijiko viwili akageuza uso. Nilimsimulia hadithi, nikamwimbia nyimbo za harusi za kwetu, nikampikia mkate wa kumimina kwa kukisia, na alionja akaurudisha sahanini bila kusema kama una sukari nyingi au kidogo. Nilikuwa na chumba changu na dirisha langu, na nilianza kuona vigumu kukaa humo.

Ijumaa moja, siku yangu ya mapumziko, nilitoka asubuhi kwenda kuonana na Watanzania wenzangu. Niliporudi alasiri nyumba ilikuwa wazi na hakuna mtu. Okello alinikuta jikoni akaniambia. Muna alikuwa amejaribu kumtoa mama bafuni peke yake, mgongo ukamkamata, wakaanguka wote wawili. Bi Zuwena alikuwa amevunjika mkono, ule mzima. Walirudi na Jasim baada ya magharibi, bibi akiwa na plasta hadi kwenye kiwiko, macho yamefumbwa. Jasim hakumlaumu dada yake kwa neno hata moja, na nadhani hilo lilikuwa zito kuliko lawama. Alipoondoka, Muna aliingia jikoni akakaa kwenye kile kiti cha plastiki ambacho mimi na mpishi tulikuwa tukikalia. Hakuwa amewahi kukikalia. Alisema, zaidi kwake mwenyewe kuliko kwangu, kwamba mama alichagua kukaa naye, na yeye amemvunja.

Nilikuwa naosha bilauri. Niliiweka chini. Nikamwambia kwamba mama hakuchagua hivyo. Nilimweleza yote, kuanzia dengu hadi mkono kwenye fremu ya mlango, kwa Kiarabu kibovu kuliko cha siku zote, na nilipokosa neno nilisema la Kiswahili. Sikumwambia habari ya wivu. Nilisema niliogopa kupoteza kazi, akaitika kwa kichwa kama mtu anayeelezwa bei ya kitu. Nikangoja aniambie nikafunge mizigo. Badala yake akaniuliza: "Alisema maneno gani? Kwa lugha yake."

"Mwambie huyu mwanangu aniache hapa."

Aliniambia nirudie, nikarudia. Akajaribu kuyasema, akaanguka kwenye neno la pili, akajaribu tena. Aliniuliza neno mwanangu maana yake nini. Nilipomwambia, alifunika mdomo kwa mkono. Tangu kiharusi hakuwa na hakika kama mama yake bado anajua yeye ni nani.

Asubuhi yake hakwenda shuleni. Alinitaka nimfundishe swali moja, na nikamfundisha tukiwa ukumbini, sentensi fupi ambayo ilimchukua karibu saa nzima. Kisha akanikataza kuingia. Niliona kupitia mlango ulioachwa wazi. Alipiga magoti mbele ya kiti, akasema kila neno peke yake, kama mtu anayevuka mto kwa mawe: "Mama, unataka kukaa na Bi Shinuna?"

Bi Zuwena alimtazama mdomoni. "Kumbe unajua kusema," alimwambia. "Siku zote hizo ulikuwa unaninyimia nini?" Muna hakuelewa. Alitazama mlangoni, akaniona, lakini hakuniuliza anasema nini. Akamgeukia mama yake akarudia swali lake lile lile, kwa kuwa ndilo alilokuwa nalo. Na bibi akasema, "Nnataka."

Nafasi ya Al Thumama ilikuwa imekwisha kuchukuliwa. Ningependa kuandika kwamba ukweli ukisemwa mlango unafunguka, lakini tulingoja majuma tisa, na majuma hayo yalikuwa ya kwangu, mimi ndiye niliyeyaleta. Muna alimwambia Jasim kwamba walikosea kumsikia mama. Hakusema nani alikosea. Aligombana naye peke yake, na Jasim hakuja nyumbani kwa Ijumaa nne. Mimi nilimwuliza Muna mara moja tu kama nitaondoka. Aliniambia kazi yangu ya kutafsiri imekwisha, lakini kila siku baada ya chakula cha mchana nitakaa naye mezani nimfundishe. Alinunua daftari la mistari kama la wanafunzi wake. Alikuwa mwanafunzi mkali, anataka kujua kwa nini, na mimi sikujua kwa nini. Nilijua tu kwamba ndivyo tunavyosema. Alichanganya ngeli hadi mwisho. Hatukuwahi kuwa marafiki, na hakunisamehe kwa maneno. Lakini siku ya tatu aliniwekea chai kabla hajajiwekea yeye.

Bi Zuwena alihamia Al Thumama majira ya baridi yalipoanza, kile kipindi kifupi ambacho Doha mtu anaweza kukaa nje mchana. Bi Shinuna alikuwa amedhoofika, miwani haimsaidii tena, na hakuchagua dengu. Lakini alimtambua kwa sauti. Walikalishwa barazani bega kwa bega, na kwa miezi mitatu na siku kadhaa walibishana kuhusu sukari, ndoa za watu waliokufa zamani, na kama Pemba kuna karafuu bora. Muna alikwenda kila alasiri baada ya masomo yetu, na daftari lake. Mimi nilikwenda naye siku za Alhamisi, nikakaa pembeni na Okello. Mara ya kwanza nilimwomba Bi Zuwena radhi. Nilimweleza nilichokifanya. Alinisikiliza, akasema, "Ulikuwa unataka kukaa na miye. Hilo nililiona." Kisha akaniambia niende nikamwangalizie kama chai imeiva, na hakulitaja tena, wala mimi sijui kama huo ulikuwa msamaha au alikuwa tu na kiu.

Alifariki asubuhi, Muna akiwa naye peke yake. Tulipofika na Okello, Sista Nafisa alikuwa ameshafunga dirisha la chumba, na Bi Shinuna yuko barazani akimwita kila anayepita amwambie mwenzake atalala hadi saa ngapi. Muna alitoka, macho makavu, daftari chini ya kwapa. Aliniona. Kwa mazoea ya mwaka mzima mdomo wangu ulifunguka kumuuliza lile swali ambalo wao walikuwa wakiniuliza mimi, amesema nini, na nadhani alilijua kabla sijalitamka.

"Alisema na mimi," aliniambia kwa Kiswahili. "Maneno mengi. Nimeelewa."

Nikangoja aniambie ni maneno gani. Hakuniambia. Akaingia ndani kumpigia kaka yake simu, nami nikaenda barazani kukaa karibu na Bi Shinuna.